Shisha: eti afadhali ajifunze kuipakia vizuri

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, miguu imevimba kama nina mimba, lakini hili siwezi kulilaza mpaka kesho.

Juzi mama mmoja kaniandikia inboksi. Ana kijana wa miaka 17, wanakaa ghorofani Kariakoo, juu ya maduka. Akifungua droo ya kijana anakuta pakiti ya tumbaku inanukia embe, kichwa cha shisha cha udongo, karatasi ya foili na boksi la mkaa. Akamuita, akamuuliza. Kijana wala hakukataa. Akamfundisha mama yake, kwa utulivu kabisa, kama mwalimu: tumbaku ikikauka inaungua, ikilowa sana haitoi moshi, ukiishindilia hewa haipiti, ila ukiiacha na unyevu wake ukainyunyiza taratibu kwenye kichwa, moshi unatoka laini, hauumizi mtu. Yote hayo kayapata kwenye video za simu.

Mama akamaliza hivi: "Dada nesi, mimi naona afadhali anajifunza vizuri kuliko wale wanaovuta ovyo. Au nimekosea?"

Umekosea dada yangu. Nilikujibu kwa upole kule ndani, na nimekuomba ruhusa nilijibu hapa mbele ya watu, kwa sababu hilo neno "afadhali" nimelisikia kwa wengi. Nimelisikia kwa wifi yangu. Nimelisikia kwenye kicheni pati, tena toka kwa mwanamke aliyekuwa ananyonyesha.

Naomba tuelewane mapema. Sisemi kijana kadanganywa kuhusu ufundi. Ufundi alioelezwa ni wa kweli. Tatizo ni kwamba ukiupata vizuri, ndo anaumia zaidi. Twende.

SEHEMU YA 2

Tumbaku ya shisha si ile ya sigara. Waarabu wanaiita muassel, neno lililotokana na asali, ndiyo asali yetu hiihii. Ni majani ya tumbaku yaliyolowekwa kwenye molasi au asali, yakatiwa gliserini na manukato ya matunda. Gliserini unaijua. Ndiyo ile unayopaka miguuni baridi ya mwezi wa saba. Inashika unyevu usikauke, na ikipata joto inatoa ule moshi mzito mweupe wa kupigia picha.

Kwa hiyo unapoambiwa "tunza unyevu wa tumbaku", unaambiwa tunza kitu kinachofanya moshi uwe mwingi na mtamu.

Watu wa tumbaku duniani kote wanahangaika na unyevu. Wakulima wetu wa Urambo na Kaliua, huko Tabora, wanakausha majani kwenye mabani kwa moto, kisha wanayaacha yapate unyevunyevu kidogo ili yasivunjike mikononi wakiyapanga madaraja. Wavuta kiko wa Ulaya nao wana somo lao kwa wanaoanza: finya tumbaku kwa vidole, ikinata ni mbichi, ikivunjika ni kavu, ikijitanua taratibu inafaa. Halafu shindilia kwenye kiko mara tatu, kwanza kwa mkono wa mtoto, pili kwa mkono wa mwanamke, mwisho kwa mkono wa mwanaume. Nilipokutana na hilo nilicheka peke yangu chumba cha kubadilishia nguo. Yaani hata kwenye kiko wamemuweka mtoto wa kwanza.

Sasa wewe jiulize, haya mafunzo yote ya unyevu na kupakia yana shabaha gani? Shabaha ni moja tu: moshi usikwaruze koo.

Tumbaku iliyopakiwa vibaya inaungua. Ikiungua, moshi unawasha, anayejifunza anakohoa mpaka machozi, anasema "jamani hii kitu mbaya", anairudisha kwa mwenyewe. Kile kikohozi ni mlinzi wa getini. Mungu kamuweka pale kwenye koo amuulize kila anayeingia, wewe nani na unakwenda wapi. Yule fundi wa kwenye video, kwa ustadi wake wote, anachofundisha ni namna ya kumlaza mlinzi. Nyunyiza usishindilie, acha nafasi kati ya tumbaku na foili, jaza maji yawe ya baridi, weka na barafu ukipenda. Moshi unapita kama upepo wa Kigamboni. Mlinzi anakoroma.

Na mlinzi akilala, watu wanaingia kwa wingi. Shirika la Afya Duniani lilishatoa hesabu: mtu akikaa kwenye shisha saa nzima anaweza kuvuta moshi wenye ujazo mara 100 mpaka 200 ya ule wa sigara moja. Sigara moja inavutwa mara 8 mpaka 12 hivi, imekwisha. Shisha inavutwa mara 50 mpaka 200 kwa kikao, tena kila mvuto unajaza kifua, kwa sababu hauumi. Hauumi kwa sababu gani? Kwa sababu imepakiwa vizuri.

Anayepakia ovyo anaacha baada ya dakika tano, kichwa kinamuuma, kamaliza. Huyo wako aliyefundishwa vizuri anakaa saa nzima, na kesho anarudi, kwa sababu nikotini imo humohumo ndani ya embe na nazi na mnanaa. Harufu nzuri haijaiondoa.

Wa kuja kuniambia "lakini dada, inapita kwenye maji, maji yanachuja" naomba asubiri sehemu ya tatu. Nimekuandalia.

SEHEMU YA 3

Iangalie shisha kwa jicho la mtu wa jikoni. Juu kabisa kuna mkaa unaowaka. Chini yake foili ina matundu. Chini ya foili tumbaku. Hiyo tunaita nini nyumbani? Hilo ni jiko. Jiko dogo limekaa kichwani mwa chupa, na wewe umeunganisha mpira kutoka kwenye jiko mpaka mdomoni kwako.

Sote tumesikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi au mvua, asubuhi majirani wakavunja mlango. Kila mama wa nchi hii anajua: jiko la mkaa likiwaka, halikai chumbani na watu waliolala. Bibi yako alikwambia, na wewe umemwambia dada wa kazi. Kilichowaua wale ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi. Inaingia kwenye damu na kushika ile sehemu inayobeba oksijeni, tena inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka, lakini imebeba mzigo usio wake.

Hewa inayovutwa kwenye shisha inapita kwanza kwenye mkaa, ikichukua gesi hiyo, ndipo iingie kwenye tumbaku. Kwa hiyo hata ukinunua ile wanayoiita "ya mitishamba, haina tumbaku", gesi ipo palepale, maana imetoka kwenye mkaa. Na maji? Maji yanapoza moshi. Kaboni monoksidi haiyeyuki kirahisi kwenye maji, inapanda na mapovu inakuja kwako. Ule mlio wa bwaga-bwaga unaotuliza roho hauna kazi ya ziada.

Sasa niwaambie langu, na hili si la kujisifu.

Miaka kadhaa nyuma, hospitali sitaitaja, zamu ya usiku. Kaletwa binti mwenye mimba ya miezi saba, kwenye bajaji, yeye na wifi zake wawili, wamevaa sare za sherehe. Walikuwa kwenye birthday chumbani kwa mtu, ghorofani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya AC na kelele za jenereta za chini. Kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu, ametapika mara mbili. Presha nzuri. Kipimo cha malaria hakina kitu. Nikambana kile kifaa kidoleni kinachopima oksijeni, kikasoma 98. Nani atabishana na 98? Nikaandika uchovu, nikampa Panadol na kitanda, nikaendelea na waliokuwa wanavuja damu.

Daktari wa zamu, mtu mzima, alipopita akamuuliza swali moja tu: "Huko chumbani kulikuwa na mkaa?"

Wifi zake wakatazamana. Kulikuwa na shisha mbili. Binti mwenyewe alisema hakuvuta, "nilionja tu mara mbili tatu". Saa tatu nzima alikuwa amekaa katikati yao.

Akawekewa oksijeni ya maski palepale. Na mimi nikafundishwa nilichokuwa nimekisoma chuoni nikakisahau: kile kifaa cha kidoleni kinadanganyika. Kinaangalia wekundu wa damu, na damu iliyobeba kaboni monoksidi ni nyekundu vilevile. Kinaona wekundu, kinaandika 98, kumbe oksijeni haipo. Ukiwa unavuta hewa ya kawaida tu, gesi ile inachukua kama saa nne hadi tano kupungua nusu. Kwa maski ya oksijeni ni kama saa moja mpaka moja na nusu.

Halafu kuna yule aliyekuwa tumboni. Damu ya mtoto aliye tumboni inaishika gesi hii kwa nguvu kuliko damu ya mama, na inachelewa kuiachia. Mama anaweza kuwa anajisikia nafuu, mtoto bado. Nilisikiliza mapigo yake usiku ule mara nyingi kuliko nilivyohitajika. Yalikuwepo. Waliruhusiwa siku ya pili yake, na mimi nikarudi nyumbani nikashindwa kulala.

Vijana wana jina la kile kizunguzungu. Wanasema "imenipanda", wanacheka, wanarekodi. Mwanao akikwambia shisha fulani "inapanda haraka", ujue ubongo wake umekosa hewa na yeye anaihesabu kuwa raha.

SEHEMU YA 4

Jana baada ya sehemu ya tatu nimepokea ujumbe mwingi. Wengi wanauliza, wachache wananitukana, mmoja kaniita mshamba. Poa.

Ila kuna mzee mmoja kaandika kwa heshima, na yeye namjibu kwa heshima. Shikamoo mzee wangu. Umesema wazee wa pwani walivuta kiko tangu zamani, tena kiko cha maji, na wakazeeka. Ni kweli. Wadogo hawajui kwamba kiko chetu cha pwani kilikuwa kifuu cha nazi chenye maji ndani, juu yake digali, juu ya digali bori la udongo lenye tumbaku, na ule mlio wa maji ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Yaani shisha kwetu haijashuka na ndege juzi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nacho.

Lakini mzee, tukumbuke vizuri. Bibi alikuwa anavuta tumbaku kali, kavu, isiyo na embe wala strawberi. Alikuwa anavuta barazani, upepo unapiga, baada ya chakula cha usiku. Akivuta kidogo anakohoa, anaweka chini, anatusimulia hadithi. Hakujifungia chumba cha mita tatu kwa tatu na watu sita, AC na mkaa. Na sisi wajukuu tulikatazwa kugusa kile kiko. Hakuna aliyetufundisha kukipakia.

Tena tuseme na lile ambalo hatulisemi misibani. Wangapi kati ya wazee wale walikufa kwa "kifua", kwa "kidonda cha mdomo kisichopona", na hakuna aliyepima? Leo tunapima. Nenda Ocean Road ukakae kwenye benchi la wanaosubiri matibabu ya saratani ya mdomo na koo, halafu urudi tuongee habari za wazee waliozeeka.

Na serikali? Mwaka 2016 ilitangazwa hapahapa nchini kwamba shisha ni marufuku. Uganda waliizuia kwa sheria yao ya tumbaku ya 2015, Kenya na Rwanda wakaipiga marufuku mwisho wa 2017. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Haya. Na kijana wa miaka 17 ana pakiti ndani ya droo. Aliyemuuzia hakumuuliza umri, na sisi hatumuulizi aliyemuuzia.

Ila mimi leo sigombani na muuzaji, nagombana na sisi. Ni sisi wanawake tunaokodi shisha kwa ajili ya kicheni pati ili isionekane ya kishamba. Inaletwa na bodaboda, na kijana wa kupakia anakuja nayo, tunamsifia, "mwenzetu anajua, moshi wake mlaini". Bomba linazunguka mdomo kwa mdomo katika nchi ambayo kifua kikuu bado kimejaa, tunabadilisha kile kiplastiki cha mdomoni tunaona tumemaliza usafi. Watoto wanapita katikati wanacheza na moshi, wanaufukuza kama mapovu ya sabuni. Mtoto wa miezi minne yuko begani kwa shangazi. Kisha wiki inayofuata uko kwangu kliniki, mtoto anakoroma kifua, unauliza ni vumbi la Kariakoo?

Vumbi lipo. Lakini moshi wa tumbaku unampa mtoto nimonia, unamwamshia pumu, unamsumbua masikio. Kichanga anayelala kwenye moshi yuko kwenye hatari zaidi ya kukutwa amekufa usingizini. Sijaandika hayo kukutisha. Nimeyaandika kwa sababu ukiniuliza wodini, saa nane usiku, inakuwa nimechelewa.

SEHEMU YA 5

Hii ni ya mwisho, na ni ya wenye watoto wanaotambaa na wanaojifunza kutembea. Kama umechoka kusoma, soma hii peke yake.

Ule unyevu tuliousifia ndio huohuo unaonitia hofu ndani ya nyumba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiokota sigara kavu akaitia mdomoni, mara nyingi ataitema, ni chungu. Tumbaku ya shisha imelowa, inanata, inanukia pipi, inafanana na jamu ya mkate. Hataitema upesi. Atalamba vidole. Na nikotini yake ni ya kweli, na mwili wake ni mdogo.

Ukimkuta kailamba, dalili zinakuja haraka: anatapika, mate yanamjaa mdomoni, anapauka, anatoka jasho, anahangaika, halafu analegea. Akizidiwa anapata degedege. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, toa kilichobaki kwa kidole kama kinaonekana, beba pakiti yenyewe, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usimtapishe. Usipoteze muda na maziwa wala mafuta ya kula, najua jirani atakushauri. Na usione aibu kusema ni shisha. Nimeshaona mama anasema "amekula sijui nini" huku pakiti iko kwenye pochi, kwa sababu mama mkwe amesimama pembeni. Sisi hatutamwambia mama mkwe. Sema.

Na wewe dada yangu wa kijana wa miaka 17, uliyeanzisha yote haya. Umeniuliza tena jana utaongea naye vipi, maana ukifoka atahamia kuvutia kwa rafiki yake. Usifoke. Kaa naye muda ambao njaa haijamshika. Mwambie umeelewa somo lake la unyevu. Kisha mwambie akuoneshe ile video sehemu inayoeleza mkaa unatoa nini. Mwache aitafute. Muulize, ulipofundishwa kupima tumbaku kwa vidole, ulifundishwa kupima na gesi? Kama ana mpenzi, na usijifanye hujui kwamba ana mpenzi, mwambie habari ya binti wa miezi saba. Hao wanasikia mambo ya wenzao kuliko ya wazazi. Akikwambia tayari hawezi kuacha, ana hasira na hamu kila jioni, hiyo ni nikotini, usimtukane, mlete kliniki tuongee naye. Nitamtafutia nesi wa kiume kama anaona haya.

Ile pakiti usiitupe kwenye ndoo ya taka iliyo wazi pale kwenye ngazi, watoto wa ghorofa nzima wanachezea pale. Ifunge ndani ya mfuko mwingine, ichanganye na majivu au maganda yaliyooza isiwe na harufu ya embe, mpe mzoa taka mkononi siku anapopita.

Maji ya kwenye chupa yana nikotini, mwaga chooni, ufulize maji mengi. Usiyamwage kwenye beseni mnalofulia nguo za mtoto. Na ile chupa, kwa kuwa mmoja kaniuliza kama inafaa kuwekea maua: ioshe hata mara kumi, mimi kwangu isingeingia.